Masafa Ni Yale Yale, Watumiaji Wanaongezeka: Namna Mawimbi ya Redio Yanavyogawanywa kwa Haki

Ifikapo saa mbili usiku, wakazi wengi wa miji na vijiji nchini huwa wamekwisha kurejea nyumbani. Ndio wakati ambao mwanafunzi anapakua mitihani ya majaribio, mfanyabiashara anatuma malipo ya mzigo wa kesho, kijana anatazama mpira kwenye simu na mzazi anampigia mtoto aliye masomoni mkoa mwingine. Watu hao wakiwa eneo moja na wateja wa kampuni moja, wote hutegemea mnara mmoja na masafa yale yale. Baadhi yao huona mambo yakienda vizuri. Wengine huona alama ya kusubiri ikizunguka bila kikomo, ingawa wamenunua kifurushi cha bei ile ile.

Wananchi wengi hulihusisha tatizo hilo na bei ya kifurushi au ubora wa simu. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini mara nyingi chanzo ni kingine: masafa ya redio yanayobeba mawasiliano hayo ni rasilimali yenye kikomo, hivyo hayana budi kugawanywa. Mgawanyo huo hufanyika katika ngazi tatu, yaani baina ya mataifa, baina ya watoa huduma ndani ya nchi, na baina ya simu moja moja zinazohudumiwa na mnara mmoja. Katika kila ngazi kuna swali la haki, na majibu yanayotolewa ndiyo yanayoamua iwapo mwananchi aliye mbali na mnara atahudumiwa au ataachwa.

Rasilimali isiyoonekana

Masafa ya redio ni sehemu ya mawimbi ya sumakuumeme inayotumika kusafirisha sauti, picha na taarifa bila waya. Redio, televisheni, simu za mkononi, ndege, meli, vyombo vya usalama, vituo vya hali ya hewa na setilaiti vyote huyategemea. Tofauti na dhahabu au gesi asilia, masafa hayaishi kwa kutumiwa. Mtumiaji mmoja akiyaacha, mwingine huyatumia papo hapo. Hata hivyo, mitambo miwili ikirusha mawimbi katika masafa yale yale, mahali pale pale na kwa wakati ule ule, mawimbi hayo huingiliana na mpokeaji hushindwa kuelewa upande wowote. Msafiri wa basi aliyewahi kusikia vituo viwili vya redio vikizungumza kwa pamoja katikati ya mikoa miwili anaufahamu mwingiliano huo.

Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alionesha kwamba kiasi cha taarifa kinachoweza kupita katika njia yoyote ya mawasiliano kwa sekunde moja kina ukomo. Ukomo huo hutegemea mambo mawili: upana wa masafa yanayotumika, na nguvu ya mawimbi yanayopokelewa ikilinganishwa na kelele zinazoyazunguka. Hakuna kampuni, hata iwe tajiri kiasi gani, inayoweza kuuvuka.

Kanuni hiyo ina maana kubwa kwa mwananchi wa kawaida. Mtu aliye karibu na mnara hupokea mawimbi yenye nguvu, hivyo kipande kimoja cha masafa humbebea taarifa nyingi. Aliye bondeni, nyuma ya kilima au ndani ya nyumba yenye kuta nene hupokea mawimbi hafifu, na kipande kile kile humbebea taarifa chache. Kwa hiyo, hata kabla ya mgawanyo kuanza, watumiaji hawako sawa. Hapo ndipo ugumu wa kugawa kwa haki unapoanzia.

Mgawanyo baina ya mataifa

Mawimbi ya redio hayatambui mipaka ya nchi. Kwa sababu hiyo mataifa yalianza mapema kukubaliana namna ya kuyatumia. Chombo kinachosimamia makubaliano hayo ni Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, lililoanzishwa Paris tarehe 17 Mei 1865 kwa ajili ya huduma ya telegrafu. Mkataba wa kwanza wa kimataifa kuhusu mawasiliano ya redio ulisainiwa Berlin mwaka 1906. Leo ITU ni shirika la Umoja wa Mataifa, na kila baada ya miaka mitatu au minne huitisha mkutano wa dunia wa masafa ya redio. Mikutano ya karibuni ilifanyika Geneva mwaka 2015, Sharm el-Sheikh mwaka 2019 na Dubai mwaka 2023.

Katika mikutano hiyo dunia hugawanywa katika kanda tatu. Tanzania, pamoja na nchi nyingine za Afrika, imo katika kanda ya kwanza ambayo pia inajumuisha Ulaya na sehemu ya Asia. Mataifa hukubaliana masafa yapi yatumike kwa simu, yapi kwa ndege, yapi kwa setilaiti na yapi kwa utangazaji. Makubaliano hayo huiwezesha simu iliyonunuliwa Kariakoo kufanya kazi Kampala au Muscat, na huzizuia nchi jirani kuharibiana mawasiliano. Katika Afrika Mashariki, mamlaka za nchi hukutana pia kupitia Jumuiya ya Mawasiliano ya Afrika Mashariki, EACO.

Mfano ulio wazi wa matunda ya ngazi hii ni kuhama kutoka utangazaji wa televisheni wa analojia kwenda wa dijitali. Makubaliano yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa mitambo ya analojia katika sehemu kubwa ya masafa ya televisheni kwenye kanda ya kwanza. Tanzania haikusubiri tarehe hiyo. Uzimaji wa mitambo ya analojia ulianza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha ukaendelea katika miji mingine kwa awamu.

Wakati huo wananchi wengi waliliona zoezi hilo kama suala la kununua king'amuzi tu. Faida yake ilikuwa pana zaidi. Nafasi ya masafa ambayo katika analojia ilibeba chaneli moja ya televisheni, katika dijitali hubeba chaneli kadhaa. Masafa yaliyobaki, hasa yale ya megahezi 700 na 800, yaliweza kuelekezwa kwenye intaneti ya simu. Masafa hayo ya chini husafiri mbali na hupenya kuta vizuri kuliko masafa ya juu, hivyo mnara mmoja huweza kuhudumia eneo kubwa la vijijini.

Mgawanyo baina ya watoa huduma

Ndani ya nchi, jukumu la kugawa masafa ni la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Majukumu yake katika eneo hili yanaongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2018, zikiwemo zile za masafa, ubora wa huduma na ulinzi wa watumiaji. Kwa mujibu wa mfumo huo, kampuni hupewa haki ya kuyatumia masafa kwa muda na kwa masharti, huku masafa yenyewe yakibaki kuwa mali ya umma.

Ugawaji huu nao unahitaji mizani. Kampuni moja ikipewa sehemu kubwa ya masafa yanayofika mbali, wenzake hulazimika kujenga minara mingi zaidi ili kufikisha huduma ile ile, gharama hupanda na ushindani hudhoofika. Kwa upande mwingine, masafa yakikatwa vipande vidogo mno ili kila anayeomba apate, hakuna anayebaki na upana wa kutosha kutoa intaneti yenye kasi. Ndiyo maana nchi nyingi huweka ukomo wa kiasi ambacho kampuni moja inaweza kumiliki, na pia huhakikisha kuwa kipande kinachotolewa kina upana unaofaa kiufundi.

Njia iliyotumika nchini katika miaka ya karibuni kwa masafa yanayogombewa ni mnada. TCRA ilinadi masafa ya megahezi 700 mwaka 2018, na mwezi Oktoba 2022 ikanadi masafa katika bendi za megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Bendi hizo za juu hutoa nafasi kubwa ya data na ndizo zinazotumiwa sana duniani kwa huduma za kizazi cha tano, lakini hazifiki mbali. Kwa hiyo hufaa zaidi mijini, mahali ambapo watu ni wengi katika eneo dogo.

Mnada una faida ya uwazi, na huyapeleka masafa kwa anayeamini anaweza kuyatumia kwa tija. Hata hivyo, ukiachwa peke yake hauwezi kumaliza suala la haki. Kampuni iliyolipa fedha nyingi hutafuta kwanza kurejesha mtaji wake, na hilo humaanisha kuanzia mahali penye wateja wengi. Kijiji chenye kaya mia mbili zilizotawanyika hakiwezi kushindana na mtaa mmoja wa Mwanza au Arusha kwa hesabu ya faida.

Pengo hilo ndilo lililosababisha kuanzishwa kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, chini ya sheria ya mwaka 2006. Mfuko huo hutoa ruzuku kwa watoa huduma ili wajenge minara katika maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara. Tarehe 13 Mei 2023, jijini Dodoma, mbele ya Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika kata 713. Kwa mwananchi wa kata hizo, mnara ndio hatua ya kwanza ya haki: kabla ya kuuliza kama mgawanyo ni sawa, lazima kwanza kuwepo cha kugawa.

Mgawanyo chini ya mnara mmoja

Ngazi ya tatu ndiyo isiyojulikana sana, lakini ndiyo inayomgusa mtumiaji kila sekunde. Mnara haupeleki taarifa kwa simu zote kwa mkupuo mmoja usio na mpangilio. Ndani ya mitambo yake kuna programu inayopanga zamu. Katika mtandao wa kizazi cha nne, programu hiyo hufanya uamuzi mpya kila milisekunde moja, yaani mara elfu moja kwa sekunde. Masafa yenye upana wa megahezi 20 hukatwa vipande 100, kila kimoja kikiwa na upana wa kilohezi 180. Katika kila milisekunde programu huamua ni simu ipi ipewe vipande vipi. Katika kizazi cha tano, zamu zinaweza kuwa fupi zaidi.

Ili kufanya uamuzi huo, mnara hutegemea taarifa kutoka kwenye simu zenyewe. Kila simu inayotumia mtandao huueleza mnara mara kwa mara jinsi inavyoyapokea mawimbi. Programu hulinganisha taarifa hizo, huangalia ni nani ana data inayosubiri, kisha hugawa. Swali ni moja: igawe kwa kanuni gani?

Wakulima wanaotumia mifereji ya asili ya umwagiliaji, kama ile ya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, wanaifahamu hesabu hii vizuri. Katika mfereji wa udongo, maji hupotea njiani. Mkulima aliye karibu na banio akipewa zamu ya saa moja hupata maji mengi. Aliye mwisho wa mfereji akipewa saa ile ile hupata kidogo, kwa kuwa sehemu ya maji imeishia ardhini. Wote wawili wamepewa muda sawa, lakini mashamba yao hayakulowa sawa. Kamati ya mfereji ikitaka kila shamba lipate ujazo sawa, itabidi mkulima wa mwisho apewe saa nyingi, na maji mengi zaidi yatapotea njiani. Ikitaka maji yasipotee kabisa, itampa yote mkulima wa juu, na shamba la chini litakauka.

Mnara unakabiliwa na uchaguzi huo huo. Tuchukue mfano wa watumiaji wawili. Wa kwanza yuko karibu na mnara, na kama angeachiwa masafa yote peke yake angepata kasi ya megabiti 30 kwa sekunde. Wa pili yuko pembezoni, na kama angeachiwa masafa yote angepata megabiti 6 tu.

Kanuni ya kwanza ni kumpa nafasi yule anayeweza kuitumia kwa kasi kubwa zaidi. Kwa kanuni hiyo wa kwanza hupata megabiti 30 na wa pili hupata sifuri. Mnara unakuwa umesafirisha taarifa nyingi kadiri inavyowezekana, lakini mtu mmoja ameachwa kabisa.

Kanuni ya pili ni kuhakikisha kila mmoja anapata kasi sawa. Hapo mtumiaji wa pembezoni hupewa sehemu tano kati ya sita za muda, na wa karibu hupewa sehemu moja. Kila mmoja hupata megabiti 5. Usawa umepatikana, ila jumla ya kazi ya mnara imeshuka kutoka megabiti 30 hadi 10.

Kanuni ya tatu ni kugawa muda nusu kwa nusu. Wa kwanza hupata megabiti 15 na wa pili megabiti 3, jumla 18. Kila mmoja amepata nusu ya kile ambacho angeweza kupata kama angekuwa peke yake. Hakuna aliyeachwa, na mnara haukupoteza uwezo mwingi kama katika kanuni ya pili.

Haki ya uwiano

Kanuni ya tatu inakaribiana na ile ambayo wataalamu huiita haki ya uwiano. Msingi wake wa kihisabati ulielezwa mwaka 1997 na Frank Kelly wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alipokuwa akichunguza namna mitandao inavyopaswa kugawa uwezo wake kwa watumiaji wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mhandisi David Tse na wenzake waliitumia kutengeneza njia ya kupanga zamu katika mitandao ya simu, na hadi leo njia hiyo na zile zilizotokana nayo zinatumika kwa wingi.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Kwa kila simu, mnara huuliza maswali mawili: simu hii inaweza kupokea kasi gani sasa hivi, na kwa wastani imekuwa ikipata kasi gani? Jibu la kwanza hugawanywa kwa jibu la pili. Simu yenye matokeo makubwa zaidi ndiyo inayopewa zamu.

Turudi kwa watumiaji wale wawili. Wa kwanza amekuwa akipata wastani wa megabiti 15, na sasa anaweza kupokea 30. Matokeo yake ni 2. Wa pili amekuwa akipata wastani wa megabiti 3. Kwa muda mfupi hali ya mawimbi upande wake imeimarika, labda kwa sababu amesogea dirishani, na sasa anaweza kupokea 9. Matokeo yake ni 3. Zamu hiyo ni ya wa pili, ingawa wa kwanza bado ana mawimbi bora zaidi. Kila mtumiaji hulinganishwa na hali yake mwenyewe, na hupewa nafasi pale hali yake inapokuwa nzuri. Aidha, aliyekosa zamu kwa muda mrefu wastani wake hushuka, jambo linalompandisha katika foleni. Kwa njia hiyo hakuna anayesahauliwa.

Zipo huduma ambazo hazisubiri hesabu hiyo. Mazungumzo ya sauti hayavumilii kucheleweshwa, hivyo katika mitandao ya kizazi cha nne na cha tano hupewa kipaumbele mbele ya upakuaji wa video. Simu za dharura, kama zile zinazopigwa kupitia namba 112, zina nafasi ya pekee: mtandao unapolemewa, viwango vya kimataifa huruhusu kuzizuia kwa muda simu za kawaida huku za dharura zikiendelea kupokelewa. Mtu anayeomba msaada wa ajali barabarani hapaswi kuwekwa foleni moja na anayetazama filamu.

Wastani unaoficha

Pamoja na umuhimu wake, viwango vya kimataifa haviwalazimishi watengenezaji wa mitambo kutumia kanuni moja ya kupanga zamu. Vinaeleza jinsi simu na mnara vinavyozungumza, lakini uchaguzi wa nani ahudumiwe kwanza wameachiwa watengenezaji na watoa huduma. Msimamizi wa sekta hakai ndani ya mnara kuhesabu milisekunde. Anachoweza kufanya ni kupima matokeo: simu ngapi zimekatika, intaneti ina kasi gani, na maeneo gani hayafikiwi.

Hapa ndipo kipimo chenyewe kinapokuwa suala la haki. Katika mfano wa hapo juu, kanuni iliyomnyima kabisa mtumiaji wa pili ilitoa wastani wa megabiti 15 kwa kila mtu. Kanuni ya muda nusu kwa nusu ilitoa wastani wa megabiti 9. Kanuni ya kasi sawa ilitoa wastani wa 5. Anayesoma wastani peke yake angeisifu ile ya kwanza, na asingejua kuwa katika hesabu hiyo nusu ya watumiaji hawakupata chochote.

Wataalamu wameliona tatizo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1984 Raj Jain na wenzake wawili, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, walipendekeza kipimo cha haki ambacho hufikia 1 pale kila mtumiaji anapopata sawa, na hushuka kadiri wachache wanavyojilimbikizia. Kwa mfano wetu, kanuni ya kasi sawa hupata 1, ya muda nusu kwa nusu hupata takriban 0.69, na ile ya kumpa mmoja vyote hupata 0.5, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kwa watu wawili. Vilevile, katika mahitaji ya kiufundi ya kizazi cha tano yaliyotolewa na ITU mwaka 2017, mtandao haupimwi kwa wastani pekee. Hupimwa pia kwa kile wanachopata asilimia 5 ya watumiaji wenye hali duni zaidi.

Kwa lugha nyepesi, mtandao mzuri hutambulika kwa kumtazama aliye mwisho wa mfereji.

Mtandao wa Wi-Fi nao una zamu zake

Watumiaji wengi wa ofisini, vyuoni na majumbani hutumia pia Wi-Fi, ambayo katika bendi za gigahezi 2.4 na 5 hutumia masafa yaliyofunguliwa kwa watu wengi bila kila mmoja kuomba leseni yake ya masafa. Huko, kwa kawaida, hakuna anayepanga zamu kwa niaba ya wote. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikikuta hewa iko kimya hutuma, na kikikuta mwingine anatuma husubiri kwa muda wa kubahatisha kisha hujaribu tena.

Utaratibu huo humpa kila mmoja nafasi sawa ya kutuma, lakini haumpi kila mmoja muda sawa. Kifaa kilicho mbali hutuma polepole, hivyo kila kinapopata nafasi hukaa hewani kwa muda mrefu huku wengine wakisubiri. Matokeo yake, simu moja iliyo chumba cha mwisho inaweza kupunguza kasi ya nyumba nzima. Vifaa vingi vya kisasa vimewekewa utaratibu wa kugawa muda wa hewani. Hata hivyo, kukiweka kifaa cha Wi-Fi katikati ya nyumba, mbali na kuta nene, bado ni tiba nafuu zaidi.

Wajibu wa mtumiaji

Ingawa maamuzi mengi kuhusu masafa hufanyika mbali na macho ya mwananchi, yapo mambo ambayo mwananchi mwenyewe huyaathiri. La kwanza ni matumizi ya vifaa visivyoidhinishwa. Baadhi ya watu hununua vifaa vya kukuza mawimbi na kuvifunga juu ya nyumba bila kibali ili wapate mtandao vizuri. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kurusha kelele katika masafa ya mnara, na kwa kuwa mnara hushindwa kuzisikia simu nyingine, mtaa mzima huathirika. Sheria inataka vifaa vya mawasiliano viwe vimehakikiwa na TCRA kabla ya kuingizwa sokoni na kutumika. Mwenye tatizo la mawimbi nyumbani anashauriwa kuwasiliana na mtoa huduma wake badala ya kujitafutia suluhisho linalowadhuru majirani.

La pili ni muda wa matumizi. Upakuaji mkubwa, kama vile masasisho ya simu au video ndefu, ukifanywa usiku wa manane au alfajiri hukuta mnara una nafasi, na hauwapunguzii wengine kasi. Hakuna anayelazimishwa kufanya hivyo, lakini anayefanya hivyo hunufaika yeye mwenyewe kwanza.

La tatu ni kufahamu masharti ya kifurushi. Vifurushi vinavyouzwa kama visivyo na kikomo huweza kuwa na sharti la kupunguza kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi, kwa lengo la kumzuia mtumiaji mmoja asiwamalizie wengine nafasi. Sharti hilo linaweza kuwa la haki, ilimradi mteja alielezwa waziwazi kabla ya kununua.

La nne, na pengine kubwa zaidi, ni kutoa taarifa. Kwa kuwa haki chini ya mnara husimamiwa kwa kupima matokeo, eneo ambalo watu wake wananyamaza huweza kubaki limefichwa ndani ya wastani mzuri wa wilaya au mkoa. Mwananchi mwenye tatizo la huduma anapaswa kuanza kwa mtoa huduma wake, aeleze mahali, siku na saa ya tukio, na ahifadhi namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Asiporidhika na majibu, anaweza kuyafikisha TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimamia maslahi ya watumiaji. Viongozi wa vijiji na kata nao wanaweza kuwasilisha mahitaji ya maeneo yasiyofikiwa ili yazingatiwe katika mipango ya ujenzi wa minara.

Masafa yaliyopo leo ndiyo yaliyokuwepo wakati Shannon anaandika hesabu zake, na ndiyo watakayorithi watoto wanaozaliwa sasa. Kinachobadilika ni idadi ya wanaoyahitaji na ustadi wa kuyagawa. Mwanafunzi anayesubiri mitihani yake ifunguke saa mbili usiku haoni mikataba ya Geneva wala mnada wa masafa, na hazioni zamu elfu moja zinazopangwa kila sekunde juu ya mnara. Anachoona ni ukurasa uliofunguka au uliokwama. Taarifa yake kuhusu kile alichokiona ni sehemu ya kipimo, na bila hiyo wanaogawa hawawezi kujua kama yeye naye amefikiwa.